Barua ya wazi kwa wenye funguo za maghala ya filamu: Oscar Micheaux asihukumiwe kwa nakala mbovu

Kwa wakuu wa hifadhi za nyaraka, mameneja wa vipindi wa vituo vya televisheni, na waandaaji wa matamasha ya filamu Afrika Mashariki

YAH: NAMNA FILAMU ZA OSCAR MICHEAUX ZINAVYOONESHWA, NA MIKEBE ILIYO CHINI YENU

Waheshimiwa,

Mwoneshe mtu filamu ya Oscar Micheaux kutoka kwenye nakala iliyochoka, atakwambia mambo matatu: watu wanatembea kama waliovamiwa na nyuki, wahusika wamesukumwa pembeni mwa picha, na hadithi inaruka bila kuaga. Kisha atahitimisha kwamba mwongozaji hakuijua kazi. Sisi tunaoshughulika na mikanda ya zamani na kufasiri maandishi yake tunawaandikia kwa sababu sehemu kubwa ya lawama hizo si ya Micheaux. Ni ya nakala, ya mwendo wa projekta, ya mkasi wa wakaguzi, na ya uamuzi wa kurusha filamu bila kuuliza mkanda ulitoka wapi. Yaliyo ya mkasi yamekwisha kutendeka. Mengine yako ndani ya uwezo wenu.

Kwa wasiomjua: Micheaux, mwongozaji wa filamu Mmarekani Mweusi, alizaliwa Januari 1884 karibu na mji wa Metropolis, jimbo la Illinois, Marekani. Alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala kwenye treni, akapata shamba South Dakota, akaandika riwaya na kuziuza mwenyewe mlango kwa mlango. Mwaka 1918 Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya Wamarekani Weusi, ilitaka kuigeuza riwaya yake The Homesteader kuwa filamu. Micheaux akataka awe na mkono katika uongozaji, wakashindwana. Basi akauza hisa, wakulima wa Kizungu waliomfahamu wakiwemo wanunuzi, akaitengeneza mwenyewe kwa rili 8 (rili ni mkanda uliozungushwa kwenye gurudumu moja), na Februari 1919 ikaoneshwa Chicago. Kazi hiyo haikukoma hadi 1948: filamu zipatazo 40, karibu nusu yake zikiwa bubu.

Katika hizo bubu, zimebaki 3 tu. The Homesteader yenyewe haipo.

Tunaomba mtulie hapa kidogo, maana jinsi hizo 3 zilivyosalimika inawahusu moja kwa moja. Within Our Gates, ya mwaka 1920, ilikutwa Madrid katika hifadhi ya filamu ya taifa la Hispania, ikiwa na jina La Negra na maandishi ya Kihispania. The Symbol of the Unconquered, ya mwaka huohuo, ilikutwa Brussels ikiwa na maandishi ya Kifaransa na Kiholanzi, na tukio kubwa la usiku la wapanda farasi wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, limepungua. Body and Soul, ya 1925, ndiyo pekee iliyobaki nyumbani, katika jumba la George Eastman mjini Rochester, New York. Kwa hiyo mbili kati ya tatu ziliokolewa na watunzaji wa nchi nyingine, waliokuwa na mkebe wenye jina lisilo lake, na hawakuutupa.

Kwa nini nakala zilikuwa chache hivyo? Micheaux hakuwa na kampuni kubwa ya usambazaji nyuma yake. Alisafiri kwa gari kutoka mji hadi mji akiwa na picha za wahusika, akiwaomba wenye majumba ya sinema ya Weusi wamlipe mapema kwa filamu ambayo wakati mwingine ilikuwa bado haijapigwa. Fedha hizo ndizo zilizonunua mkanda mbichi. Akichapa nakala, anachapa chache, na hizohizo zinazunguka majimbo yote mpaka matundu ya pembeni yanapasuka. Kila nakala inapopita kwenye jimbo lenye bodi ya ukaguzi, mkasi unafanya kazi, na haukati karatasi wala orodha. Unakata nakala yenyewe. Rili iliyorudi kutoka jimbo moja haikuwa sawa na iliyorudi kutoka jingine. Ndiyo maana hadithi inaruka.

Mfano ni Within Our Gates hiyohiyo. Inaonesha familia ya Weusi ikinyongwa na umati wa Wazungu. Ilipofikishwa kwa wakaguzi wa Chicago mwanzoni mwa 1920, mji ulikuwa umetoka kwenye ghasia za rangi za Julai na Agosti 1919, ambamo watu 38 waliuawa. Wakaguzi waliikataa kwanza, kisha wakaipitisha ikiwa imekatwa. Tangazo la gazetini la wakati ule, la kuirudisha filamu kwa watazamaji, lilijinadi kwamba futi 1,200 zilizokuwa zimeondolewa zimerejeshwa. Tuzipige hesabu. Mkanda wa milimita 35 una fremu, yaani picha moja moja, 16 kwa kila futi 1, kwa hiyo futi 1,200 ni fremu 19,200. Kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde, hizo ni dakika 20 kamili. Chukua filamu yoyote muipendayo, toeni dakika 20 katikati ya tukio lake zito, kisha mwulizeni mtazamaji kama mwongozaji anajua kusimulia.

Sasa mwendo wenyewe. Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika leo, na ndipo palipo rahisi kurekebisha.

Filamu za sauti huenda fremu 24 kwa sekunde, bila kujadiliana, kwa sababu sauti ikibadilishwa mwendo hubadilika mlio. Filamu bubu hazikuwa na sheria hiyo. Kamera ilizungushwa kwa mkono, mizunguko 2 kwa sekunde, kila mzunguko fremu 8, na hapo ndipo 16 ilipotoka. Lakini mpiga picha huongeza na kupunguza, na mwendesha projekta naye ana haraka zake. Miaka ya 1920 ikiendelea, mwendo ulipanda hadi 20 na zaidi. Rili kamili ya futi 1,000 ikienda kwa fremu 16 huchukua dakika 16 na sekunde 40. Kwa fremu 20, dakika 13 na sekunde 20. Kwa fremu 24, dakika 11 na sekunde 7. Filamu ya rili 7 iliyopigwa kwa 16 na kurushwa kwa 24 inapoteza karibu dakika 39, na kila mwigizaji ndani yake anageuka mchekeshaji, hata anayelia.

Hakuna namba moja ya kubandika kwenye filamu zote, wala kwenye rili zote za filamu moja. Kinachofanya kazi ni jicho. Msimtazame anayetembea, kwa kuwa kuna watu wanaotembea haraka. Tazameni vitu ambavyo mwigizaji hawezi kuviamrisha: maji yanayomiminwa, moshi, upindo wa gauni unaposhuka mtu akiketi. Jaribuni 16, 18, 20 na 22 kwa kipande kilekile cha dakika 1. Gauni linaposhuka kama gauni, mmefika. Andikeni namba hiyo kwenye kadi ya rili, ili anayefuata asianze upya.

Kwa vituo vya televisheni, vinavyorusha fremu 25 kwa sekunde, filamu ya mwendo wa 20 ina dawa nyepesi: katika kila fremu 4, rudia 1, zinakuwa 5. Ya mwendo wa 18 kwenye skrini ya sinema ya fremu 24 inafanana na hiyo: kila 3 zinakuwa 4. Programu za kuhariri hupenda kuchanganya fremu mbili kuwa moja ili picha ionekane laini. Zimeni kitu hicho. Kinaacha kivuli nyuma ya kila mkono unaopungwa, na uso unaogeuka unakuwa na pua mbili.

Kuhusu wahusika waliosukumwa pembeni. Picha ya filamu bubu hujaza nafasi yote kati ya matundu ya kushoto na ya kulia, karibu milimita 24 kwa upana na 18 kwa kimo. Sauti ilipokuja, ililazimika kupata mahali, ikapewa utepe wa karibu milimita 2.5 upande wa kushoto, na mwaka 1932 dirisha la picha likasanifiwa upya kuwa takriban milimita 22 kwa 16. Mkanda bubu ukichapwa au kuskaniwa kupitia dirisha hilo la sauti, unapoteza kipande cha kushoto na ncha za juu na chini. Mpangilio wote wa picha unahama. Kuna kipimo kisichohitaji mashine: simamisheni picha kwenye kibao cha maandishi, yale yanayojitokeza kati ya picha na picha kueleza hadithi na mazungumzo. Maandishi ya vibao hivyo yaliwekwa katikati. Kama nafasi tupu ya kushoto ni nyembamba kuliko ya kulia, nakala yenu imekatwa, na ombeni nyingine kabla ya kutangaza tarehe ya onesho.

Tukiwa kwenye vibao: Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoikarabati Within Our Gates mwaka 1993, vibao 4 tu vya Kiingereza cha asili vilikuwa vimesalia. Vilivyobaki vilirudishwa Kiingereza kutoka Kihispania, kwa kufuata jinsi Micheaux alivyokuwa akiandika kwingineko. Anayesoma leo anasoma tafsiri ya tafsiri. Tukiiweka kwa Kiswahili, inakuwa ya tatu. Hatusemi isitafsiriwe, hiyo ndiyo kazi yetu na tunaitaka. Tunasema mtazamaji aambiwe mwanzoni, kwa kibao kimoja cha sekunde 8, kwamba maneno haya si ya mwandishi neno kwa neno. Na mfasiri apewe matoleo yote mawili, la Kihispania na la Kiingereza, si faili la Kiingereza peke yake.

Mpeni pia nafasi ya kupima kila kibao kikae muda gani kwenye skrini. Kanuni ya zamani ya kuhesabu maneno haitufai, maana neno moja la Kiswahili kama “hatukuwaambia” hubeba sentensi nzima ya Kiingereza. Sisi huhesabu silabi, kisha tunasoma kibao kwa sauti mara mbili, polepole. Kikiondoka kabla hujamaliza mara ya pili, ni kifupi mno kwa ukumbi wenye wazee na watoto.

Body and Soul ni tofauti, kwani vibao vyake vya Kiingereza vipo. Humo mama wa kanisani, Martha Jane, anazungumza lahaja ya Weusi wa kusini mwa Marekani. Tafadhali msikubali lahaja hiyo igeuzwe Kiswahili kibovu cha kuchekesha. Mama yule si kichekesho. Anadanganywa na mhubiri anayemwamini kuliko mwanawe, na filamu nzima imesimama juu ya imani yake. Mpeni Kiswahili cha mtu wa kijijini aliyelelewa vizuri, chenye heshima zake. Watazamaji waambiwe vilevile kwamba wakaguzi wa New York waliikataa filamu hiyo kwanza, Micheaux akalazimika kuikata na kuipanga upya. Mwisho wake, unaoyageuza yaliyotokea kuwa ndoto, unasomeka vingine ukilijua hilo.

Mhubiri huyo ni Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani Mweusi, katika filamu yake ya kwanza, akicheza pia nafasi ya ndugu yake mwema. Ni Robeson yuleyule aliyekuja kusoma Kiswahili mjini London miaka ya 1930, na katika filamu ya Kiingereza ya 1935, Sanders of the River, Jomo Kenyatta alitokea kama mwigizaji wa pembeni. Mwenye kutafuta namna ya kuitambulisha Body and Soul kwa hadhira ya Nairobi au Dar es Salaam anayo hapo.

Sauti ilimkuta Micheaux vibaya. Mwaka 1928 alifilisika. Alirudi kwa fedha za wenye majumba ya sinema wa Harlem, mtaa wa Weusi mjini New York, Leo Brecher na Frank Schiffman, na mwaka 1931 akatoa The Exile, filamu ndefu ya kwanza ya mazungumzo kutoka kampuni ya Wamarekani Weusi. Hatutaki kumpamba. Alipiga haraka, mara nyingi akichukua tukio mara moja tu, kwa kuwa mkanda ulikuwa ghali na mwigizaji aliyekosea neno alikuwa nafuu kuliko futi 100 nyingine. Lakini tazameni alivyoukabili uhaba. Katika Ten Minutes to Live, ya 1932, mwuaji ni kiziwi asiyesema, na ujumbe unapita kwa vikaratasi. Sehemu nzima za filamu zikaweza kupigwa bila maikrofoni, bila kificho cha kuzuia mngurumo wa kamera, kama siku za bubu, na hadithi ikabeba sababu yake. Huyo ni mwongozaji anayefikiri.

Filamu zake za sauti zimetufikia zaidi kupitia nakala za nakala, na sauti huumia kuliko picha. Jambo moja mafundi wenu walijue. Kwenye mkanda wa milimita 35, sauti ya fremu fulani haiko kando ya fremu hiyo. Imechapwa takriban fremu 20 mbele yake, kwa sababu kisomeo cha sauti kiko mbali na dirisha la picha. Kwenye milimita 16 ni fremu 26. Mkanda ukikatika na mwendesha projekta wa zamani akaondoa kipande kilichochanika, picha huruka sasa, na neno humezwa karibu sekunde moja baadaye, kinywani mwa mtu ambaye picha yake haina dosari yoyote. Mtazamaji anadhani mwigizaji amesahau maneno. Fundi asiyejua naye huanza kusogeza sauti nzima mbele na nyuma kutafuta mlingano, akaharibu rili iliyokuwa sawa. Mahali pa kuruka patafutwe kwanza, kisha ndipo aguse sauti, na pale tu.

Tumefika kwenye mikebe yenu.

Miaka ileile Micheaux alipokuwa akihangaika na sauti Harlem, Vugiri katika milima ya Usambara kulikuwa na mradi wa Waingereza wa filamu za elimu, Bantu Educational Kinema Experiment, kati ya 1935 na 1937. Ulitengeneza filamu fupi 35 za milimita 16, sauti ikiwa kwenye santuri, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zake. Zinazojulikana kubaki ni 3, na ziko Uingereza. Mkanda bila santuri yake ni filamu iliyofanywa bubu, na santuri bila mkanda ni sauti ya mtu anayeeleza kitu kisichoonekana. Kama kwenye stoo yoyote kuna santuri nzito isiyo na jina la mwanamuziki, yenye namba tu, isitolewe na vitu chakavu.

Mnaogopeshwa sana na moto, na ni kweli mkanda wa naitreti, aina ya zamani inayoshika moto upesi, huwaka hata chini ya maji, kwa kuwa hutoa oksijeni yake wenyewe. Ulitumika kwa milimita 35 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ukiona neno NITRATE pembeni ya mkanda, tengeni mkebe huo kwenye jengo jingine, msiuwashie taa ya joto, na mwiteni mtaalamu. Lakini milimita 16, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye maghala yetu kutoka enzi za magari ya sinema, tangu ilipoanza 1923 ilitengenezwa kwa mkanda salama, wa asiteti. Adui wake ni siki. Asiteti ikivunjika hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo huharakisha uvunjikaji, kwa hiyo mkebe mmoja unaonuka huwaambukiza majirani. Kwa nyuzi joto 21 na unyevu wa asilimia 50, mkanda mpya huchukua kama miaka 40 kabla ya kufikia hali hiyo. Kila nyuzi 5 au 6 zinazoongezeka hupunguza muda huo karibu nusu. Chumba kilicho chini ya bati, mjini pwani, hakihitaji maelezo zaidi.

Pua si kipimo cha kutosha. Kuna vikaratasi vya buluu vya kupimia asidi: kimoja huwekwa ndani ya mkebe, mkebe unafungwa, na baada ya siku kadhaa mnatazama rangi. Buluu ni salama. Kijani maana yake skanini mwaka huu. Njano maana yake mmechelewa, na mkebe huo utolewe leo miongoni mwa wengine.

Kipimo cha kunywea, yaani kusinyaa kwa mkanda, kinahitaji rula ya chuma tu. Kwenye nakala ya milimita 35 iliyo mpya, urefu wa matundu 100 ni milimita 475. Mkipata 470, mkanda umenywea kwa asilimia 1 na zaidi kidogo, na projekta ya kawaida itaupasua matundu. Huo unaskaniwa kwa mashine isiyotumia meno.

Kama hakuna chumba baridi, friza ya kawaida isiyojijengea barafu kwenye kuta zake inafaa kwa mikebe michache ya thamani. Mkebe uwekwe ndani ya mifuko 2 ya plastiki inayofungwa kwa zipu, kikaratasi cha kuonesha unyevu kikiwa kati ya mfuko na mfuko. Ukitolewa, usifunguliwe kabla ya saa 24, la sivyo hewa ya chumba itageuka maji juu ya picha.

Tunaomba basi kila mkebe ufunguliwe mara moja na mtu mwenye glavu safi, avute mita 2 za mwanzo kwa mkono, polepole, juu ya kioo chenye mwanga mdogo. Aandike upana wa mkanda, neno lililochapwa pembeni, alama za mtengenezaji, lugha ya kibao cha kwanza na maneno yake yote kama yalivyo. Asiandike jina lililo kwenye mfuniko peke yake. Mifuniko hubadilishana mikebe, na filamu ya Chicago iliishi Madrid miaka mingi kwa jina jingine. Orodha hiyo ipelekwe kwa hifadhi nyingine za kanda hii na za nje, hata kama nusu ya mistari yake inasema “haijulikani”. Walioko nje wanaweza kuwa wanautafuta mstari huo.

Sisi tuko tayari kufundisha watumishi wenu hatua hizi, ghala kwa ghala, tukianza na yale ya pwani.

Wenu katika kazi,
Mafundi wa mikanda na wafasiri wa maandishi ya filamu